Nyumba ya mhamaji ichorwe kufuata kiwanja chake

BANGBOKA, Kisangani. – Kila mara inapozungumzwa habari ya kuwajengea watu waliokimbia vita, swali la kwanza ni hili: mabati mangapi, na mifuko mingapi ya saruji? Swali la kiwanja huja mwisho, na mara nyingine haliji kabisa. Maji ya mvua yanapita wapi? Jua la saa tisa linapiga ukuta gani? Udongo wa hapo unashika au unaporomoka? Mama atapikia wapi mvua ikinyesha? Hapo ndipo kosa linapoanzia, na wanaolilipia ni wale ambao tayari wamepoteza kila kitu.

Jambo hili si dogo kwa mji wa Kisangani. Tangu mwaka 2023, ugomvi wa ardhi kati ya jamii za Mbole na Lengola, uliowaka upande wa Lubunga, uliwatoa maelfu ya watu katika nyumba zao. Wengine wamekimbia vita vya mashariki. Wapo watakaorudi kwao siku amani ikirudi, na wapo watakaobaki. Wote wanahitaji nyumba. Wakati huohuo serikali, kwa ile programu ya maendeleo ya wilaya 145, imepanga shule, vituo vya afya na majengo ya utawala nchi nzima, pamoja na wilaya saba za Tshopo: Bafwasende, Banalia, Basoko, Isangi, Opala, Ubundu na Yahuma. Kujenga kupo na kutaendelea. Kinachobaki kuulizwa ni namna ya kujenga.

Msanifu majengo ni yule anayechora nyumba kabla fundi hajashika mwiko. Wengi hapa wanamwona kama mtu wa matajiri, wa kuchora majumba ya ghorofa. Lakini kazi yake ya kweli ni kusoma kiwanja, na masikini ndiye anayeihitaji zaidi, kwa sababu tajiri akikosea atanunua mashine ya kupoza hewa. Masikini akijengewa vibaya atalala ndani ya joto miaka ishirini.

Mfano mmoja uko katika msitu huuhuu wa bonde la Kongo. Kijiji cha Ilima, katika jimbo la Tshuapa, kilipata shule ya msingi iliyomalizika mwaka 2015. Shirika la African Wildlife Foundation lilipatana na wanakijiji: wao walinde msitu na wanyama wake, nao wapate shule. Waliochora ni wasanifu wa MASS Design Group. Kufika Ilima ni safari ngumu, na kubeba mabati na saruji hadi huko kungekula pesa nyingi. Basi wasanifu waliangalia kilichopo. Matofali yalifyatuliwa kwa udongo wa hapohapo. Mbao zilipasuliwa kwa mkono kutoka miti ya msitu. Hata paa halikuwa la bati: liliezekwa kwa vigae vya mbao vilivyochongwa na mafundi wa kijiji.

Mtu anaweza kusema hiyo ni shule ya kubahatisha. Aingie darasani mvua ikinyesha. Mwalimu yeyote wa Tshopo anajua kinachotokea chini ya bati tupu: mvua ikianza, somo linaisha, kwa kuwa hata ukipiga kelele mtoto wa nyuma hasikii. Mbao hazipigi kelele namna hiyo, wala hazichomi kama bati saa sita mchana. Tena kigae kikioza, kijana wa kijiji anachonga kingine. Hangojei boti kutoka Kinshasa wala mfadhili kutoka Ulaya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa unazibika tu pale mwenye nyumba anapojua ilijengwa kwa nini na kwa njia gani.

Sasa tazama walichofanya wasanifu haohao mahali pengine. Miaka minne kabla ya Ilima, mwaka 2011, hospitali yao ilifunguliwa Butaro, kaskazini mwa Rwanda. Kuna wasomaji waliokimbia vita ambao hawapendi kulisikia jina la nchi hiyo, na wana sababu zao. Lakini somo la ujenzi halina jeshi. Butaro ni kwenye kilima, na eneo lile la volkano limejaa mawe meusi ambayo mkulima huyaona kama usumbufu tu shambani. Wasanifu waliyachukua mawe hayo, waashi wa hapo wakajifunza kuyachonga na kuyapanga vizuri, na ukuta ukatoka humo. Kwa kuwa walihofia kifua kikuu kisiambukizwe ndani, walitoa njia za kupitia wagonjwa nje, kwenye hewa, wakaweka madirisha makubwa, na vitanda wakavipanga ili mgonjwa aangalie nje.

Ofisi ni moja, kazi ni mbili, na hazifanani hata kidogo. Butaro ni mawe, Ilima ni udongo na mbao. Butaro inaogopa hewa iliyosimama, Ilima inaogopa umbali na mvua. Aliyechora hakufika na nyumba ndani ya mkoba. Alifika na maswali.

Yupo pia Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyepewa mwaka 2022 tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa wasanifu. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Kazi iliyomjulisha ni shule ya kijiji chake cha Gando, iliyomalizika mwaka 2001: matofali ya udongo yaliyoongezewa saruji kidogo, dari ya matofali, na juu yake paa la bati lililoinuliwa mbali na dari ili upepo upite katikati na kuondoa joto. Wanakijiji wenyewe walibeba mawe, maji na udongo.

Hapa panahitaji uangalifu. Gando ni nchi kavu, ya jua kali na miezi mingi bila mvua. Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, mvua haikosekani mwezi wowote, na kwa mwaka inazidi milimita 1,600. Mtu akiichukua shule ya Gando kama ilivyo na kuisimamisha Bangboka kwa sababu ni nzuri katika picha, atakuwa amefanya kosa lilelile la yule anayeleta ramani kutoka Ulaya. Ukuta wa udongo usiofunikwa vizuri utalowa na kuanguka. Cha kuchukua Gando ni ule utaratibu wa kuuliza, paa libaki huko.

Kiwanja cha Bangboka kikiulizwa, kitajibu nini? Kwanza, jua. Mahali palipo karibu na ikweta, jua hupita juu ya kichwa, na ukuta wa mashariki na wa magharibi ndio unaochomwa. Basi kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na madirisha yawe huko. Hilo halina gharama hata franka moja: ni kugeuza nyumba tu kabla ya kuchimba msingi. Pili, mvua. Msingi uinuke juu ya ardhi, na paa litoke nje ya ukuta kwa kadiri ya kutosha ili maji yasirukie matofali. Tatu, hewa. Nchi hii ina unyevu, kwa hiyo nafasi iachwe kati ya ukuta na paa ili joto litoke juu. Nne, maji ya chini. Bonde linalopitisha maji mara mbili kwa mwaka si kiwanja, hata kama liko tupu na chifu analitoa bure. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024, mto Kongo ulipofikia Kinshasa kimo kilicho karibu na kile cha 1961, yalikumbusha kwamba mto hausahau njia yake.

Wakaaji wa hapa walijua mambo hayo kabla ya neno msanifu kufika. Wavuvi wa Wagenia husimamisha miti yao ndani ya maporomoko, mahali ambapo saruji ingeshindwa. Miti inashikwa na matundu ya mwamba wenyewe na kufungwa kwa kamba za msitu, na maji yakiibomoa wanajua kuisimamisha tena. Nyumba za zamani za vijijini ziliezekwa kwa majani, zikawa baridi mchana. Hata nyumba za wakati wa Wabelgiji zilizobaki mjini zina barza pana na paa lililotoka nje, kwa kuwa waliozichora walijua kuogopa jua na mvua. Nyumba nyingi za leo zimekata barza ili kupunguza gharama, na familia nzima inashinda chini ya mwembe wa jirani kwa sababu ndani hakukaliki.

Kuna neno ambalo wahamaji wenyewe wanalisema, nalo ni la haki: “Wakubwa wanalala ndani ya saruji, sisi mnatuletea potopoto?” Swali hilo haliwezi kupuuzwa. Kwa mtu aliyechomewa nyumba, tofali la kuchoma na bati linalong’aa ni alama ya heshima, ni kusema kwamba hatahama tena. Msanifu anayewahubiria masikini uzuri wa udongo, na yeye mwenyewe hawezi kulala ndani yake, hastahili kusikilizwa.

Lakini heshima haitoki kwenye mfuko wa saruji. Saruji inafika Kisangani kwa boti au kwa lori, kutoka mbali, na bei yake inapanda njiani. Mradi wenye pesa kidogo ukitaka kila kitu cha saruji, utapunguza mchanganyiko, utafupisha paa, utaondoa barza, na kumwachia mama chumba kimoja chenye joto la tanuri. Tofali la kuchoma nalo linakula kuni nyingi za msitu. Afadhali saruji iwekwe pale inapofanya kazi kweli, yaani kwenye msingi na sakafu, bati lifungwe vizuri juu ya dari, na ukuta utumie tofali la udongo lililoshindiliwa na kufunikwa. Nyumba hiyo ni ya kudumu, na inaweza kupata barza. Shule na hospitali za serikali zikijengwa kwa namna hiyohiyo, hakuna atakayesema kwamba udongo ni wa wahamaji peke yao.

Wapo watakaojibu kwamba ramani moja kwa nchi nzima inaokoa muda na pesa, na inamzuia mjenzi kuiba. Hoja hiyo ina ukweli wake: mkaguzi akiwa na ramani moja, anajua madirisha mangapi yalipaswa kuwepo. Idadi ya madarasa, vyoo na madirisha inaweza kubaki moja kutoka Banalia hadi Opala. Upande ambao jengo linatazama, kimo cha msingi, urefu wa paa na kitu cha kujengea ukuta havipaswi kuamuliwa Kinshasa.

Kwa hiyo wakuu wa jimbo na mashirika yanayojenga wanaombwa mambo manne yasiyo makubwa. Anayechora afike kwenye kiwanja mara mbili, siku ya jua na siku ya mvua, kabla ya kuchora. Akina mama na wazee watakaokaa hapo waulizwe mahali pa jiko, choo na kisima, na majibu yao yaandikwe. Ramani ibandikwe kwa chifu wa mtaa na ielezwe redioni kwa Kiswahili na Kilingala, ili kila mmoja ajue anajengewa nini. Na kazi wapewe maseremala na waashi wa hapa, wahamaji wakiwemo, ili wabaki na ufundi mradi ukiondoka.

Kabla ya hayo yote liko la tano: karatasi ya kiwanja. Damu ya Lubunga ilimwagika kwa sababu ya ardhi. Nyumba iliyochorwa vizuri juu ya ardhi yenye ugomvi ni kuni za moto mwingine, na familia iliyohama mara moja haistahili kuhamishwa mara ya pili na nyumba yake mpya.