Mwanapunda yatima si ndama

Kuhusu kumlea mwanapunda yatima kwa maziwa ya ng'ombe naomba kusema neno, maana huku Lamu punda ndiye gari letu na yatima hawakosekani. Maziwa ya ng'ombe yana mafuta mengi kuliko ya punda, na sukari yake ni haba. Ukimpa yalivyo, ataharisha. Engua malai yote, zimua kwa maji yaliyochemshwa, tia glukosi. Sukari ya chai usitie, tumbo lake haliiwezi.

Lakini kabla ya hayo kuna dang'a, yale maziwa ya kwanza yenye kinga. Mama akifa akizaa, mkamue hapo hapo, au tafuta punda mwingine aliyetoka kuzaa. Baada ya saa 24 utumbo haupokei tena ile kinga.

Mnyweshe amesimama, chupa iwe usawa wa kiwele. Ukimwinua kichwa sana au kumlaza chali, maziwa huingia mapafuni, na wengi nimeona wakifa hivyo, si kwa njaa. Siku za mwanzo ni kila saa moja au mbili, hata usiku.

Ndugu zangu, hospitali ya punda ipo Lamu tangu 1987. Mpelekeni siku ile ile, msingoje ashindwe kusimama.