Kibodi Isiyomsikia Mwenyewe

Yaweza kuonekana ajabu kwamba jarida la mbinu za kufundishia litenge nafasi kuzungumzia kibodi na vipanya visivyotumia waya. Msomaji atasema kwamba hayo ni ya fundi, wala si ya mwalimu. Sisi ambao tumewahi kuketi nyuma ya darasa, daftari la tathmini mkononi, tukimtazama mwanachuo wetu akitokwa na jasho mbele ya kompyuta zisizomtii, hatukubaliani naye.

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka juzi tulikwenda kumkagua mwanachuo katika shule moja ya msingi yenye kompyuta 12 za mezani. Kila moja ilikuwa na kibodi na kipanya chake, na nyuma yake kilichomekwa kipokezi, yaani kile kijiti kidogo cha USB, kiasi cha ukucha wa kidole gumba, ambacho hupokea mawimbi kutoka kwenye vifaa hivyo viwili. Ijumaa iliyotangulia viranja walikuwa wamefagia chumba, na kwa nia njema kabisa wakavichomoa vipokezi vyote na kuvitia katika kopo moja ili visipotee. Jumatatu asubuhi wakavirudisha, kila kimoja katika tundu lililokuwa karibu. Mtoto wa meza ya kwanza alipoandika jina lake, herufi zilitokea kwenye kioo cha meza ya tano.

Mwanachuo wetu alifungua daftari alilonakili kutoka ubaoni kwetu, akafuata hatua moja baada ya nyingine: zima, washa, bonyeza hapa, kisha pale. Hatua zile tulizifundisha kwa mfumo wa Windows, ilhali kompyuta za shule ile zilitumia Ubuntu, na hivyo hapo “pale” hapakuwapo. Msichana mmoja akanyoosha mkono, akasema, “Mwalimu, yangu inaandika kwa yule pale.” Akaambiwa anyamaze, mwalimu anatengeneza. Kipindi kikaisha. Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu akaamuru kompyuta zifunikwe mpaka apatikane fundi.

Tulimpa mwanachuo yule alama za chini, nazo zinatusuta hadi leo, kwa kuwa kosa lilikuwa letu. Tulimpa orodha ya kukariri, tena sisi ambao kila siku tunahubiri kwamba mwanafunzi asikaririshwe.

Laiti tungalimfundisha jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi! Kibodi ya namna ile na kipokezi chake vimeoanishwa tangu kiwandani. Kipokezi humsikiliza wa kwake tu, hata chumba kijae kibodi nyingine za aina ileile. Kompyuta, kwa upande wake, haina habari za mawimbi. Huambiwa na kipokezi kwamba hapa pamechomekwa kibodi ya kawaida. Ndiyo maana aghalabu vifaa hivi havihitaji programu ya ziada, mfumo endeshi uwe Windows au Linux. Mwalimu mwenye kulifahamu hilo angeyapokea maneno ya yule msichana kama jibu kamili, na angewaachia watoto wenyewe wagundue ni kipokezi gani ni cha nani. Hilo lingekuwa somo zuri kuliko lile aliloliandaa.

Vifaa vya Bluetooth vina tabia nyingine. Hapa kazi ya kuoanisha hufanywa na mfumo endeshi wenyewe. Kwa kibodi, mara nyingi kioo huonyesha tarakimu 6, na wanachuo wengi hukaa wakingojea kisanduku cha kuziandika. Kisanduku hakiji. Tarakimu hizo huandikwa kwenye kibodi mpya yenyewe, kisha hubonyezwa Enter. Na kwa kuwa mapatano hayo huhifadhiwa ndani ya mfumo endeshi, kibodi ya Bluetooth aghalabu huwa bubu mpaka mfumo uamke. Zaidi ya hayo, mtu huhitaji kipanya kinachofanya kazi ili afike mahali pa kuoanishia kipanya kisichofanya kazi! Kwa sababu hiyo tunashauri pawepo kabatini kibodi moja na kipanya kimoja vya waya, kama inavyowekwa chaki ya akiba.

Kuna pia kipanya kinachorukaruka au kukwama. Aina zote mbili tulizozitaja kwa kawaida hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na mwaka 2012 kampuni ya Intel ilieleza katika waraka wake kwamba vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele katika masafa hayohayo. Kipokezi kihamishwe mbali na tundu hilo, ambalo mara nyingi huwa la rangi ya buluu, au kisogezwe mbele ya kasha la kompyuta badala ya kujificha nyuma ya chuma.

Mkufunzi mwenzetu tunayemheshimu hushikilia kwamba dawa ni kuandika hatua bora zaidi, za kila mfumo. Twaona anajichosha bure. Menyu hubadilika kila toleo jipya linapotoka, lakini maswali hayabadiliki. Je, betri ina nguvu, na swichi ya tumboni imewashwa? Nani anamsikiliza nani? Mfumo umekiona kifaa? Tena jaribio libadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: kibodi ipelekwe pamoja na kipokezi chake kwenye kompyuta nyingine, mengine yabaki yalivyo. Hilo tunalifundisha katika sayansi, kisha tunalisahau tuingiapo chumba cha kompyuta.

Kuhusu ununuzi tutasema kwa kifupi: shule ya msingi inunue vya waya. Kompyuta isiyoondoka mezani haifaidi kitu kwa kibodi inayokula betri. Lakini shule nyingi hupokea msaada, na anayepewa hachagui.

Muhula huu, kabla wanachuo hawajaingia, sisi hubadilishana vipokezi viwili, hutoa betri moja, na kuzima swichi ya kipanya kimoja. Mwenye kutaka kufungua daftari huruhusiwa, ila kwanza atueleze kwa mdomo ni nini kinachoifikia kompyuta na nini hakiifikii. Wengi hukasirika kipindi cha kwanza.

Kule shuleni tulirudi mwezi wa Februari na chupa ya rangi ya kucha, tukaandika namba kwenye kila kibodi, kila kipanya na kila kipokezi, kuanzia 1 hadi 12. Yule msichana hatukumkuta. Alikwisha kumaliza darasa la saba.