Waliokonda Ni Panya

Katika mkutano mmoja wa chama huko Mlolongo, Kenya, muuzaji aliinua kichupa cha vidonge na kuwaambia akina mama: "Hii imethibitishwa na sayansi. Inafunga kimeng'enya, mafuta yanayeyuka yenyewe hata ukiendelea kula chapati." Makofi yakapigwa, na baadhi wakatoa simu kulipa papo hapo. Uongo huu umeenea mno.

Imethibitishwa kwa nani? Dawa yenyewe ni 5-amino-1MQ, inayozuia kimeng'enya kiitwacho NNMT, ambacho huonekana kwa wingi katika mafuta ya mwili wa watu wanene. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, tawi la tiba la Galveston, waliijaribu kwa panya walionenepeshwa kwa chakula chenye mafuta mengi. Kwa siku 11 panya hao walipungua uzito kwa takriban asilimia 5, nao walikula kama kawaida. Ni utafiti wa maana. Lakini waliokonda ni panya, tena walidungwa sindano, hawakumeza kidonge cha kuuzwa kwenye chama!

"Mbona shemeji yangu alimeza akakonda?" hujibu mashabiki wa kidonge hiki. Shemeji huyo, ukimdadisi, aliacha soda na mandazi wiki ileile. Huo nao ni ushahidi?

Na si mara ya kwanza. Tunda la garcinia cambogia lilisifiwa vivyo hivyo: lina asidi inayozuia kimeng'enya cha kutengeneza mafuta, na panya wa maabara walipungua uzito. Mwaka 1998 utafiti wa Marekani ukachapishwa: watu 135, wiki 12. Waliopewa garcinia hawakukonda kuwashinda waliopewa kidonge kitupu. Hata hivyo, bado linauzwa.

Na anayetaka kupunguza mwili kwa miguu yake badala ya kidonge, Mlolongo atembee wapi? Barabara ya mwendokasi ya kilomita 27 kutoka hapo hadi Westlands, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 2022 kwa ajili ya magari, huku kando yake mtembea kwa miguu akipishana na malori na bodaboda kwenye vumbi. Tatizo hilo halina muuzaji wa kulipigia debe.

Akina mama wa chama wamdai muuzaji namba ya usajili ya Bodi ya Dawa na Sumu, pamoja na utafiti uliofanyiwa watu. Akikosa, awarudishie pesa zao mkutano ujao, mbele ya wote waliompigia makofi.