Kabati la Sahani na Daftari Tupu



Lipo swali lililonikaa rohoni kwa miaka, na leo nimeazimia kulitoa hadharani, hata likiwaudhi baadhi ya ndugu zangu ninaowapenda. Kwa nini watu wetu wanakusanya sahani za DVD za namna fulani, wakazitunza kama vito, na ilhali wengi wao hawazitazami, na wanaozitazama hawajui wanachokitazama?

Niseme kwanza ni sahani zipi, ili asije mtu akanisingizia. Ukiingia katika nyumba za watu wetu wa Unguja na Pemba walioko hapa Oman, ukikaa ukumbini ukakaribishwa kahawa na halua, utaliona kabati lenye kioo, na ndani yake mafungu matatu. Fungu la kwanza ni taarab: Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, Culture Musical Club, na sauti kongwe ya Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Fungu la pili ni filamu za Kihindi tulizokuwa tukizipangia foleni pale Majestic, Vuga: Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, na Mother India ya mwaka 1957, iliyowaliza watu wazima na ndevu zao. Kwa mafungu haya mawili sina ugomvi na mtu. Mwenye kutaka kuisikia tena sauti iliyomfurahisha ujanani, na aisikie. Mimi mwenyewe ninazo.

Ugomvi wangu ni kwa fungu la tatu, lile linalowekwa nyuma, au juu kabisa ya kabati, lisilotolewa ila wageni wanapopungua na sauti zikashuka. Humo imo sahani moja ninayoikuta nyumba hadi nyumba, mara nyingi nakala ya nakala, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: «Zanzibar 1964». Kumbe hilo silo jina lake. Ni kipande kilichokatwa katika filamu ya Kitaliano iitwayo Africa Addio, iliyotengenezwa na Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi na kutolewa mwaka 1966. Kipande chenyewe ni dakika chache zilizopigwa kutoka angani, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Wanaonekana watu katika misururu, wanaonekana watu wamekimbilia ufukoni, na zinaonekana maiti. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi sitaeleza zaidi ya hapo.

Nimewauliza wenye sahani hii kwa nini wanaihifadhi. Nimepewa majibu mawili waziwazi, na la tatu nimelisoma katika nyuso. Nitayajibu yote.

Jibu la kwanza ni hili: «Huu ni ushahidi.» Nakubali. Waliokana kwamba watu waliuawa, picha hizi zinawasuta, na kwa sababu hiyo sisemi zichomwe wala zifutwe. Lakini mimi nimekuwa karani kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimesoma Kiswahili na Kiarabu, na kazi yangu ilikuwa majalada. Karani hujifunza jambo moja kabla ya yote: karatasi isiyo na tarehe, isiyo na jina la aliyeiandika, isiyo na namba ya jalada ilimotoka, hiyo ni karatasi tu, haijawa waraka. Ushahidi si kitu kuwa nacho mkononi. Ushahidi ni kitu kinachoweza kuulizwa maswali kikajibu. Sasa niulize: pwani ile inayoonekana ni ya wapi? Ilikuwa siku gani? Wale waliokaa chini mikono kichwani ni watu wa shamba lipi, Bumbwini, Donge au Mangapwani? Nimeyauliza maswali haya katika nyumba sita, na katika nyumba sita sikupata aliyeandika hata mstari mmoja nyuma ya kasha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na damu ni zaidi ya mali.

Tena, mwenye kuleta shahidi sharti amjue shahidi wake. Je, mnamjua huyu? Filamu hii haikutengenezwa kwa ajili yetu. Ukiitazama yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, utaona kwamba Unguja ni kituo kimoja tu njiani. Filamu inapita Kenya, inapita Kongo, inafika Afrika Kusini, na hoja yake kila kituo ni moja: Mzungu ameondoka, basi Mwafrika atajiangamiza mwenyewe na wanyama wa porini pamoja naye. Waliouawa Unguja wametiwa humo kuwa mfano wa hoja hiyo. Hawakuliliwa, wametumiwa. Jacopetti huyo alituhumiwa kwao Italia kwamba huko Kongo watu walipangiwa wakati wa kuuawa ili kamera iwahi. Akachunguzwa, na tuhuma ikamwondokea. Nasema ilimwondokea, maana haki ni haki hata kwa usiyempenda. Lakini filamu yenyewe haikuondokewa na nia yake. Ilipopelekwa kuuzwa upya Marekani mwaka 1970 ilikatwakatwa ikapewa jina lenye maana ya damu na matumbo. Wauzaji walijua wanauza nini. Na muziki unaosikika humo, uliotungwa na Riz Ortolani, ni muziki wa studio. Waliokuwa chini ya ndege ile hawakuusikia.

Jibu la pili: «Tunataka watoto wajue.» Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu nia yake ni njema na matunda yake ni machungu. Mtoto aliyezaliwa Al Khuwair au Seeb, asiyeijua Darajani wala Malindi, akionyeshwa dakika zile, atajua nini? Atajua kwamba kuna watu weusi walioua na watu wetu waliouawa. Basi. Hatajua kwamba bibi wa bibi yake alikuwa Mmanyema, na kwamba damu ya wale anaofundishwa kuwachukia inatembea katika mishipa yake. Hatajua kwamba siasa za miaka ile ziligawa nyumba kwa nyumba, kwamba uchaguzi wa Juni 1961 ulimwaga damu kabla ya Mapinduzi, kwamba palikuwa na dhuluma za ardhi na kumbukumbu za utumwa ambazo wazee wetu hawakupenda kuzitaja mezani. Kuyataja haya si kuwahalalishia wauaji. Aliyemuua mtu asiye na kosa ni muuaji, awe na hoja asiwe na hoja. Lakini mtoto asiyepewa sababu hujitungia sababu, na sababu iliyo rahisi kuliko zote ni rangi ya ngozi.

Wala hataijua habari ambayo haikuweza kupigwa picha kutoka angani. Bibi yangu aliyenilea alifichwa siku tatu na jirani yake, mwanamke wa Makunduchi, ambaye alisimama mlangoni pake akawaambia waliokuja na mapanga kwamba humu hamna ila mimi na wanangu. Ndege haikuliona hilo. Kamera haikulifikia, maana lilikuwa chini ya paa la makuti, uvunguni mwa kitanda. Na mimi nasema: yule mwanamke ni ushahidi vilevile. Ni nani katika wenye makabati ana sahani yake?

Ndipo nakuja kwa jibu la tatu, lile lisilosemwa. Nadhani watu wetu wanaiweka sahani ile kwa sababu inawaondolea mzigo wa kusema. Baba aliyempoteza nduguye akiwa kijana hawezi kulitamka jina la nduguye bila sauti kukatika. Mtoto akiuliza, ni rahisi kunyoosha kidole kwenye kabati: «Yote yamo mle.» Hamna kitu mle! Jina la huyo ndugu halimo. Umri wake haumo, ufundi wake haumo, wala utani wake wala duka lake. Kabati limekuwa kaburi la pili, na kaburi hili nalo halina jina.

Najua mtasema ninawahukumu watu wenye majonzi. La, hasha. Mwenye kunyamaza kwa uchungu ana udhuru wake, na sina neno naye. Ninayemlaumu ni mwenye kuitoa sahani ile baada ya biriani, mbele ya wageni na vijana, kama anavyoitoa ya taarab, kisha akairudisha akadhani ametekeleza wajibu. Maiti katika dini yetu ana haki: huoshwa, husitiriwa kwa sanda, huswaliwa, huzikwa. Wengi wa wale hawakupata hata moja katika hizo nne. Je, baada ya kuikosa sanda, waikose na sitara ya macho yetu, warudiwe kutazamwa kila Eid, katika nyumba ambamo hakuna awajuaye kwa majina?

Tena kuna jambo la karani tu, nalo linatosha peke yake. Hicho mnachokikusanya hakidumu. Sahani inayochapwa kiwandani ina vishimo vidogo mno vilivyopigwa katika plastiki na kufunikwa utando wa alumini. Sahani ya kunakili nyumbani, ambayo ndiyo mliyo nayo, haina vishimo hivyo. Ina tabaka ya rangi iliyochomwa kwa mwale wa leza, na rangi hiyo hufifia kwa joto na mwanga. Hapa Maskati joto la kiangazi hupita nyuzi 40, na makabati mengine yamewekwa yakielekea dirisha. Na wale wenye sahani halisi waliyoletewa kutoka Marekani nao wana lao: DVD hugawanywa kwa kanda za dunia, ya Marekani ni kanda ya 1 na ya huku kwetu ni kanda ya 2, hata mashine nyingi za huku zinaikataa. Nimemwona mzee mwenye sahani iliyofungwa kwa kitambaa cha hariri, ambayo tangu aletewe haijapata kuchezwa. Anacho kitu asichoweza kukifungua, na anacho kichwani kitu asichokifungua. Hicho cha kichwani ndicho kitakachoondoka kwanza.

Basi tufanyeje? Sipendi mtu anayelaumu kisha akaondoka. Kila nyumba inunue daftari moja la jalada gumu, lile la mistari la kawaida. Lipigwe safu sita: jina kamili na la baba na la babu, mwaka wa kuzaliwa au wa kukadiria, mtaa au shamba alikoishi, kazi yake, alionekana mara ya mwisho wapi, lini na nani, na nani anayesema haya, na tarehe anayoyasema. Safu ya sita msiiache, maana ndiyo inayotofautisha ushahidi na uvumi. Asiyejulikana aandikwe hajulikani. Aliyeficha watu aandikwe pia, kwa wino uleule. Na aliyeua, kama anajulikana kwa yakini na si kwa kusikia, aandikwe jina lake yeye, si kabila lake.

Daftari likijaa, litolewe nakala. Oman ina Mamlaka ya Taifa ya Nyaraka na Kumbukumbu tangu mwaka 2007, nayo hupokea na kusajili nyaraka za watu binafsi. Na ile sahani, ukitaka, ipeleke huko pamoja na daftari, ikaandikwe ilivyo: ni kipande cha filamu gani, ya nani, ya mwaka gani. Huko ndiko mahali pa ushahidi, ambako mtafiti ataujia kwa kalamu, si mgeni aliyeshiba.

Wapo watakaosema nimechelewa, wazee wamekwisha. Hawajakwisha. Aliyekuwa na miaka kumi Januari ile yungali anakwenda msikitini kwa miguu yake. Kila Ijumaa namwona. Lakini saumu na swala za jeneza zinatufikia kila mwezi, na kila jeneza linaondoka na safu sita zake.

Kwa hiyo nawaomba wenye makabati wanijibu neno moja tu, na wanijibu kwa kuandika: katika sahani mliyoihifadhi miaka yote hii, taja jina la mtu mmoja. Mkilipata, liandikeni leo. Msipolipata, basi mjue kwamba hamjahifadhi kitu, na kwamba kazi haijaanza.

Wabillahi tawfiq.