Vishikwambi vipo, vitabu vipo: Delta ya Rufiji inakwama wapi?

Mtoto wa Salale au Mbwera, ndani ya delta ya Rufiji, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza mambo yanageuka ghafla: Hisabati, Baiolojia, Jiografia, yote kwa Kiingereza. Asiye na kitabu cha kujisomea anaachwa mapema.

Kilichopo

Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ina Maktaba Mtandao ya vitabu vya kiada, na kusoma ni bure. Ina pia mfumo wa masomo ya mtandaoni ambao walimu huutumia kwa mafunzo kazini, MEWAKA. Na vishikwambi vya Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu.

Kwa nini viungane?

Kozi ya lugha isiyo na kitabu ni sarufi tupu. Hadithi ikiwa ndani ya somo, mwanafunzi anabonyeza, anakutana na maneno aliyofundishwa yakiwa kwenye kisa, kisha anarudi kwenye maswali. Akilazimika kuhamia tovuti nyingine na kuanza kutafuta upya, bando linakata kabla hajafika ukurasa wa 3.

Tatizo la delta

Visiwani hufikika kwa boti, na boti husubiri maji yajae. Maktaba inayodai intaneti kila saa itabaki ya watu wa kando ya lami, Bungu na Kibiti mjini.

Njia ipo. Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality, hubeba masomo na vitabu pamoja na kufanya kazi bila intaneti. Imeshatumika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Ndani yake zimo hadithi za African Storybook, za Kiswahili na Kiingereza, ambazo leseni yake inaruhusu kunakiliwa.

Vitabu vya kiada ni suala jingine. Hakimiliki ni ya TET, hivyo kuviweka kwenye kifaa cha shule kunahitaji ruhusa yake. Ruhusa hiyo ikipatikana, mwalimu akija Kibiti kikazi anajaza kishikwambi mara moja, anarudi nacho kisiwani, na darasa zima linasoma.

Bila hivyo, kishikwambi kitaendelea kuwa saa ya ukutani na tochi ya usiku, huku mtoto akisubiri maji yajae.