Kemia ya sekondari ina deni kwa mkulima wa Kilosa

MSIMU wa kuvuna miwa unapofika, barabara itokayo Mikumi kwenda Kidatu hugeuka kuwa ya matrekta na malori. Kuanzia Kidodi hadi Ruhembe, moshi wa mashamba yanayochomwa huonekana kutoka mbali. Muwa ukishachomwa na kukatwa, mkulima hubaki na swali moja tu: gari litakuja lini?

Uzito wa swali hilo umeelezwa vizuri katika daftari la kemia la mtoto wake. Mtoto anasoma tindikali, kasi ya mmenyuko na msawazo. Anaandika kanuni, anazikariri, anajibu mtihani na kuzisahau. Baba naye anapoteza sukari shambani kwa sababu ya kanuni hizo hizo. Wote wawili wanakaa nyumba moja, lakini hakuna anayejua kuwa wanahangaika na jambo moja.

Hapo ndipo penye hasara ambayo haiandikwi katika hesabu za msimu. Wilaya ya Kilosa ina miwa, mahindi, mpunga, vitunguu, mkonge na mbogamboga. Ina pia shule za sekondari zenye vijana wanaosoma sayansi. Vitu hivi viwili havijakutanishwa.

Chukua muwa wenyewe. Sukari iliyomo ndani yake huitwa sukrosi. Ikiwa mbele ya tindikali, sukrosi huungana na maji na kuvunjika kuwa sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi. Zote ni tamu mdomoni, lakini kiwandani hazigandi kuwa chembe za sukari ya kuuza. Huishia kwenye molasi. Muwa ukishakatwa, kazi hiyo ya kuvunja huendelea ndani yake kwa msaada wa vimeng'enya vya muwa wenyewe. Bakteria nao huingia pale panga lilipojeruhi, wakala sukari na kuacha tindikali, na hivyo tatizo kuzidi.

Ikumbukwe kuwa mmenyuko huu si mfano wa pembeni katika kemia. Mwaka 1850, Mjerumani Ludwig Wilhelmy aliyeyusha sukari ya miwa katika maji yenye tindikali, akafuatilia kwa chombo cha mwanga jinsi sukari ilivyopungua dakika hadi dakika. Kazi hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa elimu ya kasi ya mimenyuko. Chombo cha aina hiyo, kinachoitwa polarimita, hadi leo hutumika katika viwanda vya sukari duniani kupima sukari iliyomo kwenye juisi ya muwa. Kwa maneno mengine, somo linalowatisha wanafunzi wa Kilosa lilianzia kwenye zao linaloota nyuma ya madarasa yao.

Wilhelmy alionyesha kuwa kasi ya kuvunjika inategemea kiasi cha sukari kilichopo, kiasi cha tindikali na joto. Mkulima akiyatafsiri hayo kwa lugha ya shamba, anapata mambo matatu. Kwanza, muwa wenye sukari nyingi ndio unaopoteza nyingi kwa kila saa ya kusubiri. Pili, majeraha yanayoruhusu bakteria wa tindikali kuingia, kama muwa uliokatwa vipande vifupi bila sababu au kupondwapondwa wakati wa kupakia, huongeza kasi. Tatu, jua ni adui. Kanuni ya jumla katika kemia ni kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya mimenyuko mingi huongezeka takriban mara mbili. Lundo la miwa lililoachwa juani haliharibiki sawa na lile lililo kivulini au lililokatwa jioni.

Kiwandani wanalijua hilo. Juisi ya muwa kwa asili ina tindikali kidogo, pH yake ikiwa karibu 5 hadi 5.5. Kabla ya kupashwa moto mkali huwekewa chokaa hadi ifikie karibu 7, kwa sababu tindikali ikikutana na moto sukari huvunjika haraka. Kiwanda kinalinda sukari yake kwa kemia. Mkulima naye hana budi kuilinda ya kwake kabla haijafika mzanini.

Fedha iliyopo hapo si ndogo. Katika bonde hili mkulima mdogo halipwi kwa uzito peke yake. Kiwango cha sukari kwenye muwa nacho huingia kwenye malipo. Tuseme mkulima amevuna tani 30. Kiwango cha sukari kikiwa asilimia 10, shehena yake ina tani tatu za sukari. Kikishuka hadi asilimia 9, zinabaki tani 2.7. Kilo 300 za sukari zimepotea bila mwizi kuingia shambani, na bado hajahesabu uzito uliopungua kwa muwa kukauka.

Wapo watakaosema kuwa mkulima hachelewi kwa kutojua, bali kwa kukosa gari, kwa barabara mbovu za mashambani au kwa foleni ya kupokelewa. Hoja hiyo ni ya kweli. Kemia haileti lori. Hata hivyo, chama cha wakulima kinachojua kasi ya hasara hupanga zamu kwa namna tofauti. Hakitaruhusu shamba lichomwe kabla ya usafiri kuthibitishwa. Shamba lililoungua kwa bahati mbaya kitalipa nafasi ya kwanza, hata kama si zamu yake. Na katika kikao cha kujadili ratiba au mikataba, kitakwenda na takwimu za saa na kiwango cha sukari badala ya kwenda na malalamiko. Anayekuja na daftari husikilizwa kuliko anayekuja na hasira.

Somo la pili, la msawazo, nalo lina bei yake. Msawazo ni hali ya mmenyuko unaokwenda mbele na kurudi nyuma kwa kasi ile ile, hata uonekane umesimama. Ni kama basi katika stendi ya Mikumi: wakishuka kumi na wakipanda kumi, idadi haibadiliki ingawa abiria si wale wale. Ukiingilia upande mmoja, mmenyuko hujisogeza kupunguza nguvu ya kile ulichofanya.

Mkulima hukutana na jambo hili kwenye mbolea ya urea. Urea ikishayeyuka udongoni hugeuka kuwa amonia ya aina mbili zilizo katika msawazo: moja hukaa udongoni na mmea huila, nyingine ni gesi inayopaa. Jua kali, na udongo uliopoteza tindikali, kwa mfano palipomwagwa majivu mengi, husukuma msawazo upande wa gesi. Ndiyo maana wataalamu wa ugani husisitiza urea ifukiwe badala ya kutupwa juu ya udongo wenye unyevu mchana wa jua. Tangu msimu wa 2022/23 Serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea. Ruzuku hiyo inapopaa hewani, hasara ni ya mkulima na ya mlipakodi.

Mwenye duka la pembejeo pia anahusika. Mwanafunzi wa kemia hufundishwa kuwa ukichanganya chumvi ya amonia na chokaa, hasa ukipasha moto, hutoka gesi yenye harufu kali. Hicho ni kipimo cha maabara. Basi mfuko wa SA uliopasuka ukichanganyika na chokaa ya kujengea katika stoo yenye unyevu, harufu inayomchoma mwenye duka puani ni naitrojeni yake inayotoka mlangoni. Mkulima anayechanganya SA na chokaa kwenye ndoo moja ili kuokoa muda hupata hasara ile ile.

Kisha kuna tindikali ya udongo. Kipimo cha pH kinahitaji kueleweka vizuri, maana hakiendi kama rula. Udongo wa pH 5 una tindikali mara 10 zaidi ya ule wa pH 6, na mara 100 zaidi ya ule wa pH 7. Matumizi ya SA kwa miaka mingi huongeza tindikali hiyo. Ikizidi sana, fosfeti ya mbolea ya kupandia hushikwa na madini ya chuma na alumini, na mahindi hubaki na njaa ilhali mfuko umenunuliwa.

Mkulima anayemwaga chokaa kidogo na kuona mabadiliko kwa muda mfupi tu hushangaa, akidhani ameuziwa chokaa bandia. Pengine si bandia. Tindikali iliyo kwenye maji ya udongo ni sehemu ndogo. Nyingine kubwa imeshikiliwa na chembe za udongo. Ile ya kwanza ikiondolewa, ya pili hutoka kujaza nafasi. Huo nao ni msawazo, na ndiyo sababu kiasi cha chokaa hupangwa kwa kupima udongo, si kwa kukisia.

Udongo wa Kilosa wenyewe haufanani. Wa tambarare ya Mkata si sawa na wa miteremko ya Ukaguru na Rubeho. Ushauri uliofaa kwa jirani unaweza kuwa hasara kwako. Mbolea ya Minjingu, kwa mfano, hutokana na mwamba wa fosfeti wa mkoani Manyara, na unga wa mwamba huo huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali. Mkulima asiyejua pH ya shamba lake ananunua kwa kubahatisha.

Je, shule zifanye nini? Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inataka elimu inayompa kijana ujuzi, na utekelezaji wa mitaala mipya ulianza Januari 2024. Mlango umeshafunguliwa. Mwalimu wa kemia wa Mikumi anaweza kufundisha kasi ya mmenyuko kwa juisi ya muwa iliyowekwa kivulini na nyingine juani, na wanafunzi wakafuatilia tindikali yake kila baada ya saa kadhaa. Maji ya rozela hubadilika rangi, mekundu kwenye tindikali na ya kijani kwenye besi, kwa hiyo hata shule isiyo na fedha za kemikali inaweza kuanza. Rangi hiyo haitoshi kupanga kiasi cha chokaa, lakini inatosha kumfundisha mtoto nini cha kuuliza.

Kwa vipimo vya uhakika, wataalamu hawapo mbali. Ilonga, nje kidogo ya mji wa Kilosa, kuna kituo cha utafiti wa kilimo na chuo cha kilimo. Chuo Kikuu cha Sokoine kipo Morogoro. Shule, kituo cha utafiti na vyama vya wakulima vikikubaliana, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaweza kukusanya sampuli za udongo za vijiji vyao kwa utaratibu unaokubalika, na majibu yakasomwa kwenye mkutano wa kijiji. Yasomwe kwa Kiswahili. Sayansi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto asiyeweza kumweleza mama yake maana ya msawazo kwa lugha ya nyumbani bado hajauelewa.

Walimu watasema mtaala ni mrefu na mtihani wa Taifa hauulizi habari za Ruhembe. Ni kweli, lakini mtihani unauliza kanuni, na kanuni iliyoonekana shambani haisahauliki kirahisi kama iliyokaririwa usiku wa kuamkia mtihani.

Wazazi nao wana haki ya kudai. Mwaka 2014 na 2015 wananchi nchini kote walichangia fedha na nguvu kazi kujenga maabara za sayansi katika sekondari za kata. Wengi waliochangia ni wakulima na wafanyabiashara wadogo. Aliyebeba mchanga wa kujengea maabara ana haki ya kuuliza maabara hiyo imemrudishia nini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kilosa daftari lipo, tena limejaa kanuni. Lipo begani mwa mtoto anayepita kando ya lundo la miwa kila asubuhi akienda shule. Msimu ujao, kabla ya kiberiti kuwashwa shambani, mzazi alifungue pamoja naye.