Helikopta ya plastiki si mchezo wa watoto

Mwambie mzazi umemaliza Jumamosi nzima ukibandika helikopta ya plastiki, atakuuliza kama umerudi nasari. Kwa maoni yangu siku hiyo haikupotea, mradi hukufuata tu maagizo ya kwenye boksi.

Chukua Hughes 500, ile helikopta ndogo yenye umbo la yai ambayo jeshi letu limeitumia kwa miongo kadhaa. Katika kipimo cha 1:48, ganda la plastiki lenye unene wa milimita 1 ni sawa na karibu sentimita 5. Bati la helikopta halisi halifiki hata milimita 2! Kwa hivyo unashika msasa na kukwangua kingo za milango hadi ziwe nyembamba. Mapanga yake ya juu huja yamenyooka kama rula, ilhali ya helikopta halisi iliyoegeshwa huinama kwa uzito wake. Unayapinda polepole kwa maji moto. Nyaya za injini je? Fungua chaja iliyokufa, utoe waya wa shaba.

Hapo ndipo maswali huanza. Bomba hili hupeleka nini? Mbona panga liiname? Anayefuata karatasi anabandika tu, lakini anayebadilisha lazima aielewe mashine.

Kweli, boksi hizi ni ghali, si kila mfuko unaziweza. Lakini gari la waya la mtaani halikuja na maagizo, na bado usukani wake uligeuza magurudumu. Kijana, usikubali kazi yako iishie pale kiwanda kilipoachia.